Mwaka Ambao Shangazi Hakuniombea

Jumamosi tumemzika Shangazi Enesia, Njombe, katika baridi ile ile aliyoipenda yeye peke yake. Tuliporudi kutoka makaburini tulikaa uani na sahani za wali na maharage mapajani, na Obadia akavuta kiti akaja karibu yangu. Obadia ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya yetu ya Makambako nilipokuwa msichana. Sasa ni mzee wa meno machache na simu kubwa. "Lustika," akasema, "nimekuletea kitu. Mjukuu wangu amekitoa kwenye kanda ya zamani." Akabonyeza, na simu ikaanza kuimba. Mwanzo sikuelewa. Ilikuwa sauti ya msichana, ya juu kabisa, nyepesi, inapanda bila kutafuta pa kushika, na nyuma yake kwaya nzima inaitikia. Watu waliokuwa karibu wakaacha kutafuna. Mama mmoja akauliza, "Jamani, huyu malaika ni nani?" Obadia akanionyesha kwa kidevu. Nikamwambia, "Zima bwana, watu wanakula." Nilisema kwa sauti yangu ya siku zote, hii inayokwaruza, na yule mama akainamia sahani yake haraka kana kwamba amekosea mlango. Nimeishi na mambo haya kwa miaka mingi na bado yananichosha.

Habari za ukoo wangu sitaziandika hapa. Nikianza na babu na bibi tutakesha, na hakuna hata mmoja wao anayehusika na hasira yangu. Nitaandika mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya Makambako, na shingoni nilikuwa na goita. Wakati huo, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, wanawake wengi wa nyanda hizi walikuwa nayo, na hakuna aliyeshangaa. Tulifunga kitambaa, tukaendelea na kazi. Ila yangu ilizidi kukua, ikaanza kunibana nikilala. Na mimi, nisiwafiche, nilikuwa naimba kuliko wote. Nikishika ule ubeti wa peke yangu, wazee walifumba macho, akina mama walitoa leso. Nilitoka kanisani mwepesi, najiambia kwamba huyu Mungu nampenda kweli kweli. Furaha yangu yote kwake ilikuwa imekaa kooni, na sikuwa nimewahi kujiuliza kama ipo na mahali pengine.

Nikapelekwa hospitali moja ya misheni kufanyiwa upasuaji. Daktari alisema mapema, tena kwa upole, kwamba mshipa wa sauti unapita pale pale, na kwamba lolote linaweza kutokea. Nani husikia maneno kama hayo? Mimi nilisikia kwamba nitapona. Na nilipona. Nilizinduka, nikaomba maji, na aliyeomba maji hakuwa mimi. Nesi akasema itarudi taratibu, nisiwe na haraka. Wiki zikapita, kovu likakauka, sauti ikabaki vile. Nyumbani Makambako kanisa liko jirani, na jioni upepo wa kule unaleta kila kitu mlangoni: vumbi, makaratasi, na mazoezi ya kwaya. Nilimsikia msichana mwingine akiimba ubeti wangu. Hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikasema siwezi kukaa pale, nikapelekwa Njombe kwa Shangazi, eti nibadili hewa. Hewa yenyewe ilikuwa ya barafu.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, pembezoni mwa mji, mahali ambapo siku hizi pamejaa miparachichi na wakati ule palikuwa na viazi na miti ya miwati. Chumba changu kilipakana na jiko, kwa hiyo nguo zangu zote zilinuka moshi na kila neno lililosemwa mekoni lilinifikia. Kuna asubuhi niliamka nikaona nyasi zote nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, na Shangazi yuko nje, kanga mbili na koti la marehemu mumewe, anaimba. Niseme wazi: Shangazi alikuwa hajui kuimba. Siyo kwamba alikuwa wa wastani. Alianza wimbo mahali pasipo na wimbo, akaupeleka kusikojulikana, akaumaliza kabla haujafika. Aliimba akimenya viazi, akiosha sufuria, akifukuza kuku. Na kila akimaliza alisema, "Bwana apewe sifa," kwa sauti ya mtu aliyetoka kula vizuri. Mimi nimelala kitandani, bingwa asiye na kitu, nasikiliza yule mwanamke anavyoharibu nyimbo ninazozijua sauti zote nne. Kulikuwa na siku nilivuta blanketi mpaka kichwani nikalia kwa hasira tupu.

Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na hapo peke yake ndipo alipokuwa haimbi. Kabla hapajapambazuka sawasawa alichukua ndoo yake akaingia bandani, na mimi kule chumbani nilisikia mnong'ono wake kwa mbali, haukomi mpaka ndoo imejaa. Nilijua kuna watu wanaongea na ng'ombe ili atoe maziwa. Nikamweka Shangazi katika kundi hilo, pamoja na mengine niliyokuwa nimeshayaona, nikageukia ukutani.

Jioni tulikula ugali na majani ya maboga, au kande, tukiwa tumezunguka moto, kisha Shangazi akaomba. Eeh, ile sala! Aliombea mvua. Aliombea kuku mwenye mafua. Aliombea jirani aliyevunjika mguu, na ng'ombe wa jirani, na barabara ya Makambako ili magari yasikwame, na mchungaji apate viatu vinavyomtosha. Nilikuwa nimefumba macho nangoja. Sasa atafika kwangu, nasema moyoni, sasa. "Na mtoto wetu huyu," anasema, nami moyo unadunda, "tunakushukuru amekula leo. Amina." Basi! Amekula! Kila jioni ilikuwa hivyo. Mungu akatajiwa mafua ya kuku, na sauti yangu, ambayo watu walitoka Wanging'ombe kuja kuisikia, haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Alhamisi moja jumuiya ilikusanyika kwetu, akina mama wa mtaa wote, na baada ya neno walijazana mekoni kunywa chai na viazi vya kuchemsha. Mimi nilijifanya nimelala. Nikasikia mmoja akisema, "Maskini mtoto wa watu. Sauti imekwenda kabisa." Mwingine, mama mmoja mwenye kupenda kujua siri za Mungu, akadakia, "Mh, hawa waimbaji nao. Pengine kulikuwa na majivuno. Mungu naye si Athumani." Nikakaa kitandani wima. Nilingoja Shangazi amkate kauli, amfukuze, amwage chai yake. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Kisha Shangazi akasema, "Mama, ongeza sukari, naona chai yako chungu," wakacheka wote, na mazungumzo yakahamia kwenye mbolea. Leo najua alikuwa amemjibu. Wakati ule nilijiona nimeachwa uwanjani peke yangu.

Wengine waliniletea maneno ya faraja, nayo niliyachukia zaidi. Subira yavuta heri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndiyo, lakini koleo ni langu! Na ibada za shuhuda ndizo zilizonimaliza. Mtu anasimama: nilikuwa mgonjwa, nikaombewa, nimepona, Bwana Yesu asifiwe! Kanisa linaitika, Amen! Nikawaza na mimi nisimame niseme yangu: nilikuwa nikimwimbia, nikaenda kutibiwa, nikamwomba anirudishie kitu chake mwenyewe anachosifiwa nacho, na amenyamaza. Sijui wangeitika nini.

Jioni moja nilishindwa kuvumilia. Ilikuwa baridi ya mwezi wa saba, tumekaribiana na moto mpaka magoti yanawaka na migongo imeganda, na Shangazi ametoka kuombea mpaka daraja. Alipotia Amina nikasema, "Shangazi, mbona mimi huniombei?"

"Nakuombea, mwanangu. Si umesikia?"

"Nimesikia nimekula. Sauti yangu je?"

Akanitazama. Nakumbuka moshi ulikuwa unamwendea machoni na hakuupisha. "Lusi," akasema, "kula viazi, vinapoa."

"Sitaki viazi! Unamwombea kuku, mimi unaniambia habari za viazi? Au na wewe unaamini ni majivuno?"

"Mimi naamini vinapoa," akasema, akachukua kimoja, akakimenya taratibu, akanitilia chumvi, akanipa. Nikakila kwa sababu nilikuwa na njaa, na niliona aibu kwamba kilikuwa kitamu. Nikaenda kulala bila kumuaga.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani hatusemeshani, yaani mimi simsemeshi. Yeye aliimba njia nzima. Wasiojua ibada zetu niwaeleze kidogo. Kwetu mtu asiye na fedha huleta alichonacho: boga, mayai kwenye kikapu, jogoo aliyefungwa miguu, debe la viazi, fungu la mboga. Vyote huwekwa mbele, na ibada ikiisha vinatolewa nje na kunadiwa, fedha ziwe sadaka. Raha yake ni kwamba aliyenunua anaweza kupaza sauti, "Narudisha!" na kile kitu kinanadiwa upya, kwa hiyo boga moja huweza kuuzwa mara nyingi kabla halijapata kwenda nyumbani kwa mtu. Anayenadi lazima awe na maneno na awe na koo. Wetu alikuwa Mzee Kastori, mzee wa kanisa, na Jumapili hiyo baridi ilikuwa imemkamata kifua, hata salamu hazitoki. Watu wakaanza kutazamana. Shangazi yangu, mwanamke huyo, akasema mbele ya kanisa zima, "Lusi wangu yupo. Sauti yake inafika sokoni."

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini wanawake walishanisukuma, na Mzee Kastori kanikabidhi jogoo mikononi, na jogoo anapiga mabawa usoni mwangu. Nikafungua mdomo. Ikatoka ile sauti, nene, yenye mikwaruzo, na uani watu wakaangua kicheko. Basi hasira yote ya miezi ile ikanipanda kwa pamoja. "Mnacheka nini?" nikapiga kelele. "Huyu jogoo kaamka saa kumi kuwaamsha ninyi mje kanisani, mmechelewa, na sasa mnamcheka? Nani anamchukua kabla sijamla mwenyewe?" Kikazuka kicheko kingine, si kama kile cha kwanza. Mkono ukainuka. Mwingine. "Baba mwenye koti, mkono huo unajikuna au unanunua? Inua vizuri!" Jogoo akaenda, akarudishwa, akaenda tena. Nikauza mayai. Nikauza boga. Nikanyanyua kikapu kimoja kizuri kilichofunikwa kitambaa cheupe, nikasema hiki hata sikifunui, mwenye bahati atajionea. Kule nyuma kabisa, mke wa mchungaji akanyoosha mkono. "Mama Mchungaji amefungua mnada!" nikasema. Mwingine akapandisha. Mama Mchungaji akanyoosha tena, mikono miwili sasa, anarukaruka. "Oneni mfano! Mama Mchungaji hataki kushindwa!" Watu wakashangilia, wakapandisha, naye kila wakipandisha anapunga zaidi, mdomo unakwenda lakini kelele zimemfunika. Nikamuuzia. Akapasua katikati ya watu, anahema, akashika mpini wa kikapu. "Lustika, mama," akasema, "hiki ni chakula cha mchungaji. Nimekiweka kwenye meza ya sadaka kidogo tu nimfunge mtoto mgongoni."

Uwanja mzima ukalala chini. Mzee Kastori alicheka na kukohoa mpaka wakampigapiga mgongo. Mchungaji mwenyewe aliegemea ukuta anafuta machozi. Mama Mchungaji naye alikilipia, akasema ni sadaka ya ujinga wake, akafunua, akawagawia viazi vitamu waliokuwa karibu. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa ile sauti mbovu, nikijisikia mwenyewe, na kwa muda ule sikuichukia. Palikuwa na jua dogo la mchana, kiazi mkononi, watu wananiita dada wa mnada, na kitu kikanijaa kifuani ambacho nilikuwa nakifahamu tangu enzi za ubeti wangu. Niliogopa hata kukitaja kwa jina. Nikamtafuta Shangazi kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, kikapu mapajani, ananitazama, na hakuwa anacheka kama wengine. Alikuwa analia. Nikadhani ni kicheko kimemzidi.

Msinidhanie niliokoka na hasira siku hiyo. Jumatatu niliamka nimenuna kama kawaida, sakitu nje, Shangazi anaua wimbo mekoni. Lakini Jumapili nikanadi tena, na iliyofuata, kwa sababu Mzee Kastori alipopona alisema hataki tena kazi hiyo, watu wameshaonja. Mwaka ulipoisha nikarudi Makambako, nikanadi huko, nikaolewa, nikazaa, nikauza vitunguu sokoni, nikamzika mume, na mpaka leo sadaka za kanisa letu hazinadiwi na mtu mwingine. Nimepata furaha humo, nakiri. Ila kwa Mungu nilibaki na kadhia yangu, na kwa Shangazi pia. Nilisema moyoni: kwake ni rahisi. Ni mtu wa kuridhika haraka, hakuwahi kuwa na kitu kikubwa cha kunyang'anywa, wala hakuwahi kumwomba Mungu jambo akanyimwa. Mtu wa namna hiyo ana sababu gani ya kutoimba? Nilimpenda, nikamtembelea kila nilipopata nafasi, na hilo nikalibeba chini kabisa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumuuguza. Alikuwa amekwisha, mikono myepesi, uji anauchukua kijiko kwa kijiko. Asubuhi moja, mapema, akaanza kuhangaika anataka kuteremka kitandani. "Ndoo iko wapi?" akauliza. Nikamwambia, "Shangazi, ng'ombe hayupo. Banda lilishabomolewa, si umesahau?" Akatulia. "Sasa nani ataomba?" akasema.

"Ataomba nini?"

"Sauti yako."

Nilikuwa nimeshika kijiko, nikakirudisha bakulini. Akaeleza kidogo kidogo, akipumzika kati ya neno na neno. Kwamba ule mnong'ono wa bandani haukuwa wa ng'ombe. Kwamba tangu wiki niliyofika alikuwa akimwambia Mungu kila asubuhi kwa Kibena, kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe: mrudishie mtoto sauti yake. Kwamba nilipoondoka kurudi Makambako aliendelea, na ng'ombe alipokufa aliendelea kitandani.

"Na mbona mbele yangu hukuwahi?" nikasema. Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti, kwa mgonjwa, jamani. "Nilikuuliza! Ukanipa kiazi!"

"Ungekaa kungoja," akasema. "Ningeomba mbele yako, ungekaa kitandani unangoja jibu. Nilitaka uinuke."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Na hakujibu."

"Hajajibu mpaka leo," akasema, bila uchungu.

"Na ulikuwa unaimba! Shangazi, unatoka kunyimwa bandani, unakuja mekoni unaimba!"

Akanitazama kwa yale macho aliyonitazama nayo jioni ile ya viazi, na nikaona mdomo unataka kucheka. "Sasa nifanyeje, Lusi? Ninune mpaka ajibu? Si ningekufa nimenuna." Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nilikuwa naenda kuomba kitu kimoja. Sikupewa. Lakini nilikuwa nimekaa naye. Kila siku nilitoka mle nimeshiba." Akataka uji. Hakuzungumza tena jambo hilo, na mimi sikuweza kumuuliza.

Kwa hiyo Obadia alipobonyeza simu yake Jumamosi, hasira yangu haikuwa ya sauti ile ya kwenye kanda peke yake. Nilikuwa na hasira kwamba nimekaa karibu na mtu huyo muda wote nikimwona mwepesi. Na Mungu namkasirikia bado, asidhani tumemalizana. Angeweza kumjibu mama yule hata mara moja kabla hajafa.

Jumatatu nimerudi kwangu Makambako. Jana nimeamka mapema, upepo unagonga bati, nikaingia jikoni kuwasha moto. Sina ng'ombe. Nikaegemea meza, nikasema kwa Kibena, kwa aibu kidogo, maana sijazoea: Bwana, lile la Shangazi Enesia bado liko kwako. Nikakaa pale, sijui kwa muda gani, maji yakachemka. Kisha nikakohoa, nikajaribu, na sauti ilikuwa ile ile. Nikatia majani ya chai, nikaimba.